Majina na Mafungu ya Maandiko ya Wayahudi

Siku moja darasani mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, ikiwa Torati maana yake ni sheria, mbona kitabu chake cha kwanza kimejaa habari za watu, na sheria ndani yake ni haba?" Nilikuwa nimefundisha somo lile miaka mingi, na ubaoni nilikuwa nimeandika kama nilivyoandika kila mwaka: Torati, yaani Sheria. Nikajaribu kumjibu, nikaona ya kuwa jibu langu halimridhishi yule kijana, wala halikuniridhisha mimi mwenyewe. Nikalifuta lile neno, nikamwahidi kwamba nitatafuta. Haya niyaandikayo ni matunda ya kutafuta kule, nami nayaleta mbele ya walimu wenzangu na mapadri, kwa kuwa nadhani si mimi peke yangu niliyefundisha hivyo.

Niliyoyaona, kwa ufupi, ni haya. Majina ya vitabu vitakatifu, na mafungu yake, na mpango wake, si pambo tu. Kila jina lilitolewa na watu fulani, kwa sababu fulani, na kila mpango humwongoza msomaji kufahamu jambo kwa namna fulani. Asiyejua asili ya majina hayo hudhani kwamba anasoma kitabu peke yake, kumbe anasoma pamoja na rai ya wale waliokipanga.

I. Majina ya vitabu vyote pamoja

Sisi tumezoea kusema Agano la Kale. Jina hili ni la Kikristo. Mtume Paulo alilitaja katika waraka wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 3. Na zamani kabla yake nabii Yeremia, katika mlango wa 31, alikuwa amenena habari za agano jipya. Karibu na mwaka 170 Melito, askofu wa Sardi, alikwenda nchi za mashariki ili apate hakika ya hesabu ya vitabu hivi na mpango wake, akaviita vitabu vya Agano la Kale. Myahudi halitumii jina hili, wala si ajabu. Maana kwake agano lile halijapata kuwa la kale, ni Agano tu.

Wayahudi wana majina yao wenyewe. Moja ni Maandiko Matakatifu, jina ambalo nasi twalijua. La pili ni Mikra, maana yake kisomwacho, kwa kuwa husomwa kwa sauti mbele ya watu waliokusanyika. Shina la neno hili ndilo shina la neno la Kiarabu Kurani, kwa maana Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu. Mswahili hawezi kulistaajabia jambo hili. Wazee wa pwani waliita kitabu chuo, na mahali pa kusomea wakapaita chuo vilevile. Kitabu na kusoma vilikuwa kwao kitu kimoja.

Jina la tatu, litumikalo sana siku hizi, ni Tanakh. Hili si neno la asili, bali limefanyizwa kwa herufi za kwanza za mafungu matatu: Tora, Neviim yaani Manabii, na Ketuvim yaani Maandiko. Basi jina la kitabu ndiyo hesabu ya mafungu yake.

Mafungu haya ni ya zamani. Mjukuu wa Yesu bin Sira alikwenda Misri mwaka 132 kabla ya Kristo, na huko akafasiri kitabu cha babu yake kwa Kiyunani. Katika dibaji yake alitaja Torati, na Manabii, na vitabu vingine. Hapo twaona mafungu mawili yenye majina, na la tatu lisilo na jina bado. Katika Injili ya Luka, mlango wa 24, Bwana Yesu ataja Torati ya Musa, na Manabii, na Zaburi. Na wengi hufahamu kwamba Zaburi, kwa kuwa ni kitabu kikubwa cha fungu la tatu, imetajwa badala ya fungu zima.

II. Tora, na majina ya vitabu vyake vitano

Neno Torati lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, kama vile Zaburi na Injili. Kabla ya misheni kufika pwani, watoto wa chuoni walikwisha fundishwa kuhesabu Taurati, Zaburi, Injili na Kurani. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walikuta jina liko tayari, nao walifanya vema kulitwaa. Ubaya ulikuja tulipoanza kulieleza.

Katika Kiebrania neno tora limetoka katika shina lenye maana ya kuelekeza na kuonyesha njia. Katika shina lilo hilo limetoka neno more, nalo maana yake ni mwalimu. Basi tora kwanza ni mafundisho. Hata mama humpa mwanawe tora, kama asomavyo mtu katika mlango wa kwanza wa Mithali ya Kiebrania. Hapana shaka sheria zimo, tena ni nyingi. Walimu wa Kiyahudi wamezihesabu amri 613. Lakini amri hizo zimo ndani ya mafundisho, wala hazikuyameza.

Wayahudi wa Aleksandria, walipoanza kufasiri vitabu hivi kwa Kiyunani katika karne ya tatu kabla ya Kristo, walitia neno nomos, yaani sheria. Walatini wakalifuata, wakasema lex. Na wazungu waliotufundisha walilipokea hivyo. Kwa njia hii ndefu neno likafika ubaoni pangu. Jibu la yule kijana lilikuwa jepesi, laiti ningalilijua: Mwanzo ni Torati kwa sababu safari ya Ibrahimu, na ugomvi wa Yakobo na Esau, na msamaha wa Yusufu, ni mafundisho.

Vitabu vitano vyenyewe Wayahudi huviita kwa neno la kwanza, au kwa neno kubwa la sentensi ya kwanza. Nasi twafanya hivyo: Sala ya Bwana twaiita Baba Yetu, na nyimbo za kanisani twazijua kwa mstari wake wa kwanza. Kwa hiyo kitabu cha kwanza ni Bereshit, hapo mwanzo. Cha pili Shemot, majina. Cha tatu Vayikra, akaita. Cha nne Bemidbar, jangwani. Cha tano Devarim, maneno.

Wayunani hawakupenda desturi hiyo. Waliviita vitabu kwa habari zilizomo. Wakasema Genesis, yaani asili au kuzaliwa, Exodos, kutoka, Leuitikon, mambo ya Walawi, Arithmoi, hesabu, na Deuteronomion, torati ya pili. Jina hili la mwisho lina kisa. Katika mlango wa 17 wa kitabu hicho mfalme aamriwa kujiandikia nakala ya torati. Wafasiri wakalishika neno la nakala kana kwamba ni torati nyingine, ya pili, na jina likakaa hivyo mpaka leo.

Sasa tutazame majina yetu ya Kiswahili. Kutoka, na Mambo ya Walawi, na Hesabu, yamefuata Kiyunani. Mwanzo limekaribia Kiebrania kuliko Kiyunani. Kumbukumbu la Torati halifuati hili wala lile, nalo ni jina jema, maana kitabu chenyewe ni maneno ya Musa akiwakumbusha watu mambo waliyoyaona na kuyasikia. Kuhusu Hesabu, nawashauri walimu wawaambie wanafunzi lile jina la Kiebrania. Kuhesabiwa kwa watu kumo katika milango michache ya kwanza na katika mlango wa 26. Yaliyobaki, kwa sehemu kubwa, ni kiu, na manung'uniko, na miaka arobaini ya njia. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba kitabu hiki chaitwa Jangwani, waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa.

III. Manabii

Fungu la pili lina sehemu mbili. Manabii wa Kwanza ni Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme. Manabii wa Nyuma ni Isaya, Yeremia, Ezekieli, na wale Kumi na Wawili, ambao kwa Wayahudi ni kitabu kimoja, kwa kuwa vyote kumi na viwili vyatosha katika gombo moja.

Hapa msomaji wetu hushangaa. Yoshua na Wafalme sisi twaviita vitabu vya historia. Mbona Wayahudi huviita Manabii? Nitatoa mfano mmoja. Omri, baba yake Ahabu, alikuwa mfalme mwenye nguvu. Alijenga Samaria. Katika jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililoonekana Dhiban mwaka 1868, Omri atajwa kwa jina kuwa aliwatesa Wamoabu. Na Waashuri waliendelea kuiita nchi ya Israeli nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kuondolewa. Mwandishi wa tarehe za wafalme angalimpa Omri milango mingi. Lakini kitabu cha Wafalme kimempa aya chache tu katika mlango wa 16, kisha kikampa Eliya, mtu aliyevaa ngozi na kulishwa na mjane, milango kadhaa.

Mtu akikisoma kitabu hiki kama tarehe za wafalme, ataona kwamba mwandishi amepungukiwa. Akikisoma chini ya jina la Manabii, atafahamu kwamba mwandishi hakukusudia kupima ukubwa wa wafalme, bali haki yao. Jina hili moja labadili swali ambalo msomaji analiuliza kitabu.

IV. Maandiko

Fungu la tatu ni kama sanduku la mzee, lenye vitu vya namna nyingi: Zaburi, Mithali, Ayubu, kisha magombo matano, kisha Danieli, Ezra pamoja na Nehemia, na Mambo ya Nyakati. Magombo matano yana kazi yake katika mwaka. Wimbo Ulio Bora husomwa wakati wa Pasaka. Ruthu katika Sikukuu ya Majuma, kwa maana habari zake ni za mavuno. Maombolezo siku ya tisa ya mwezi wa Av, ambayo Wayahudi hukumbuka kubomolewa kwa hekalu. Mhubiri wakati wa Vibanda. Na Esta katika Purimu.

Danieli amewekwa hapa, wala si kati ya Manabii. Wataalamu wengi hueleza kwamba fungu la Manabii lilikuwa limekwisha fungwa kabla ya kitabu cha Danieli kuenea kama tukijuavyo. Kwa hiyo mpango huu wa mafungu, pamoja na kuwa mpango wa heshima, hutuonyesha pia jinsi vitabu vilivyokusanywa: kwanza Tora, kisha Manabii, na mwisho Maandiko.

V. Hesabu ya vitabu

Watu hubishana wakisikia kwamba Wayahudi wana vitabu 24, na Waprotestanti 39 katika Agano la Kale. Mmoja hudhani tumeongeza, mwingine hudhani wamepunguza. Si hivyo. Tora ni vitabu 5, Manabii 8, Maandiko 11; jumla 24. Sisi tumegawa Samweli kuwa viwili, Wafalme viwili, Mambo ya Nyakati viwili, Ezra na Nehemia viwili, na wale Kumi na Wawili tumewahesabu kila mmoja peke yake. Kugawa huko kwaongeza 15, na 24 na 15 ni 39. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alihesabu 22. Na Yeronimo alisema kwamba hesabu hiyo ni sawa na herufi 22 za Kiebrania. Wakatoliki na Waorthodoksi wana vitabu zaidi, kama Tobiti na Hekima, kwa kuwa Kanisa la kwanza lilipokea Maandiko kwa Kiyunani, na katika magombo ya Kiyunani vitabu hivyo vilisomwa pamoja na vingine.

VI. Mpango na mwisho wake

Kiyunani hakikubadili majina tu, kilibadili na mpango. Ruthu alihamishwa akawekwa baada ya Waamuzi, kwa kuwa habari zake ni za siku zile. Danieli alitiwa kati ya Manabii. Mambo ya Nyakati yakafuata Wafalme, yakapewa jina lenye maana ya yaliyoachwa, kana kwamba ni mabaki. Kiebrania chakiita kitabu hiki Mambo ya Siku, na Kiswahili chetu, Mambo ya Nyakati, hapa kimekaribia Kiebrania tena.

Hata kwa Wayahudi mpango haukuwa mmoja siku zote. Talmudi yamweka Yeremia mbele, kisha Ezekieli, kisha Isaya, na sababu yake ni hii: Wafalme chaishia katika uharibifu, na Yeremia ni uharibifu, Ezekieli aanza kwa uharibifu akaishia kwa faraja, na Isaya ni faraja, basi uharibifu ufuatane na uharibifu, na faraja na faraja. Tena kuna nakala maarufu ya Kiebrania, iliyomalizika karibu na mwaka 1008 na kuhifadhiwa Urusi, ambayo Mambo ya Nyakati ni ya kwanza katika Maandiko.

Lakini katika mpango wa Talmudi, na katika Biblia nyingi za Kiebrania zilizopigwa chapa, Mambo ya Nyakati ni ya mwisho, ingawa kwa wakati habari za Ezra zafuata nyuma yake. Mwisho wa kitabu ni tangazo la Koreshi mfalme wa Uajemi, aliyetwaa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, akiwapa ruhusa watu wa Mungu kurudi Yerusalemu. Na neno la mwisho kabisa ni ruhusa ya kukwea. Biblia yetu yamalizia Agano la Kale kwa Malaki, na ahadi ya kuja kwa Eliya; msomaji akifunua ukurasa akutana na Mathayo. Vitabu ni vile vile, wala hakuna aliyebadili neno. Ila Myahudi akifunga kitabu, amebaki na watu wanaoitwa kurudi nyumbani. Mkristo akifunga chake, amebaki akimngoja ajaye. Kila mmoja amehubiriwa na mpango.

VII. Milango na aya

Milango tuitumiayo si ya Musa wala ya Ezra. Ilipangwa katika Biblia ya Kilatini mwanzoni mwa karne ya 13, na kazi hiyo hutajwa kuwa ya Stephen Langton, aliyefundisha Paris, kisha akawa Askofu Mkuu wa Canterbury, akafa mwaka 1228. Katika karne ya 15 Isaka Nathani, Myahudi wa Provence, aliitumia milango hiyo katika faharasa yake ya maneno ya Kiebrania, ili Wayahudi waweze kuzipata aya upesi walipohojiwa na Wakristo. Katika karne ya 16 Biblia za Kiebrania zilizopigwa chapa na Daniel Bomberg huko Venice ziliieneza.

Kabla ya hapo mtu alitaja mahali kwa habari yake. Katika Marko, mlango wa 12, Bwana Yesu alitaja mahali pa Kijiti, nao wasikilizaji wakafahamu. Wayahudi waliigawa Tora kwa masomo ya sabato, na leo huisoma yote kwa mwaka mmoja katika masomo 54, na kila somo hufuatiwa na somo la Manabii. Desturi ya kusoma Torati na Manabii yaonekana katika Matendo ya Mitume, mlango wa 13, Paulo alipoketi katika sinagogi la Antiokia ya Pisidia.

Milango hutusaidia sana, lakini isiaminiwe kupita kiasi. Mlango wa kwanza wa Mwanzo waishia siku ya sita, na siku ya saba imekatwa ikatupwa katika mlango wa pili. Mtoto akisoma mlango mmoja kwa siku, aondoka na uumbaji usio na sabato. Tena katika Kiebrania Yoeli ana milango minne, na Malaki mitatu. Kwetu Yoeli ana mitatu, na Malaki minne. Mwalimu asiyejua hayo atamwambia mwenzake kwamba amekosa, na mwenzake hakukosa.

Namalizia kwa jambo lililonisukuma kuandika. Mwezi wa Novemba 1933, mjini Berlin, mkutano wa maelfu ya watu wa chama kilichojiita Wakristo wa Kijerumani ulisikia msemaji wake akitaka Kanisa liliache Agano la Kale, na maneno hayo yalishangiliwa. Kabla ya miaka kumi na miwili kutimia, Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa. Sisemi kwamba tafsiri ya neno moja ilileta uovu ule. Nasema kwamba watu wale walikuwa wamefundishwa tangu utoto kukidharau kitabu cha wenzao, na kwamba dharau hiyo huanza mahali padogo, ubaoni, mwalimu aandikapo jina na kulieleza vibaya. Akisema Wayahudi wana sheria nasi tuna neema, amekwisha kuwahukumu watu wote kwa neno moja, na mtoto hajafungua kitabu bado.

Yule kijana nilimrudia baada ya majuma mawili. Nikaandika ubaoni tena: Torati, yaani Mafundisho. Akatazama, akasema, "Basi, Mwalimu, hata Yusufu yumo." Nikamwambia, naam, yumo.